Madume wawili wakubwa ndani ya geti moja: maswali yenu na majibu

Mwezi huu nimeweka pamoja barua zinazohusu jambo moja, maanake zimekuja nyingi na karibu zote zinafanana: mtu ana mbwa wawili wa aina kubwa, wote madume, na nyumbani hakukaliki. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imegusa karibu kila kitu, hizo zingine kila moja na uzito wake.

Habari yako daktari. Mimi niko Utawala, ploti ni ile ya hamsini kwa mia, nyumba iko katikati. Nina Boerboel wawili, Simba na Chui, ni ndugu wa mzao mmoja niliwachukua siku moja wakiwa na wiki nane na sasa wanakaribia miaka miwili. Wamelala pamoja, wamekula sahani moja, wamecheza pamoja, sasa ghafla hawawezi kuonana. Ya kwanza ilikuwa kwa geti, boda alileta gesi, wakakimbia wote kumbwekea halafu wakageukiana wao kwa wao. Ya pili ilikuwa chakula. Hii ya juzi hata sijui ilitoka wapi, nilikuwa nashuka tu kwa gari wakaja kunisalimia ikawa vita, Chui ameshonwa sikio. Jirani ananiambia niwaache wapigane mpaka mmoja akubali mwenzake ndio bosi, mke wangu anataka nipeane mmoja, fundi wangu anasema nikiwahasi wote itaisha. Nina watoto wawili, mdogo ana miaka minne. Sitaki kupeana mbwa yoyote lakini pia sitaki kupigiwa simu mbaya nikiwa kazini. Nisaidie. (Baba watoto, Utawala)

Baba watoto, pole sana, na Chui pia pole. Kabla ya kitu kingine chochote, kuanzia leo jioni hao wawili wasiwe wamefunguliwa pamoja, hata dakika moja, hata ukiwa hapo, na watoto wasiwe nje wakati kuna mbwa amefunguliwa na hakuna mtu mzima. Mmoja kwa banda, mwingine nje, halafu mnabadilisha. Haya mengine yote nitakayokwambia yanategemea hilo, ukilivunja siku moja tu kwa sababu umechoka ama mvua inanyesha, unaanza upya, tena unaanza ukiwa na mbwa aliyeshonwa.

Sasa hiyo ghafla unayoiona wewe, kwa mbwa haikuwa ghafla. Mbwa mkubwa hukomaa pole pole. Dume anaweza kuanza kupanda majike akiwa na miezi sita hadi mwaka, lakini ile akili ya ukubwa, ya kuanza kujali nani anapita wapi na nani anasimama wapi, inakuja baadaye, kwa hizi aina kubwa mara nyingi ni kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu. Simba na Chui wameingia hapo wakati mmoja, wana umri mmoja, uzito karibu mmoja, jinsia moja. Hakuna mkubwa wala mdogo. Mbwa wakiwa na tofauti kubwa, labda mmoja ni mzee ama ni jike, kuna mmoja anayemwachia mwenzake njia bila maneno mengi. Hawa wako sawa sawa na kila mmoja anaona hana sababu ya kupisha. Na kuna kingine, wale wanaolelewa wawili wawili kutoka wakiwa wadogo mara nyingi wanasikizana wao kwa wao kuliko wanavyomsikiza mwenye nyumba, kwa hivyo siku wakikosana sauti yako inakuwa haina kazi.

Jirani yako anakupenda lakini kwa hili usimsikize. Boerboel dume aliyekomaa ana kilo sitini, sabini na hata zaidi, na ule mdomo ulitengenezwa kule Afrika Kusini kwa ajili ya kulinda mashamba dhidi ya wanyama wakali na watu. Hawa hawapigani wakamaliza halafu wakapeana mkono. Anayepigwa hajifunzi heshima, anajifunza kwamba mwenzake ni hatari na kesho aanze yeye mapema kabla hajaanzwa. Anayeshinda naye anajifunza kwamba kupigana kunalipa. Kila vita inafanya inayofuata iwe rahisi na ije haraka zaidi. Hiyo habari ya bosi ilitokana na mbwa mwitu (wale wanaoitwa wolf kwa Kiingereza) waliofungiwa pamoja wasiojuana, mtaalamu Rudolph Schenkel aliandika juu yao mwaka 1947, na baadaye David Mech, aliyekuwa mmoja wa walioieneza, mwaka 1999 akaandika wazi kwamba porini kundi la mbwa mwitu ni baba, mama na watoto wao, sio mashindano ya nani atatawala. Miaka hiyo yote imepita na bado Nairobi watu wanaacha mbwa wachanane kwa sababu ya hiyo hadithi, na inaniuma kila nikishona mmoja.

Rudi uangalie zile vita tatu ulizonitajia. Geti, chakula, wewe kushuka kwa gari. Unaona hazina tofauti? Kila mahali kuna kitu ambacho wote wanakitaka sana, mahali pamebana, na damu imepanda. Kwa geti ndio mbaya zaidi, kwa sababu mbwa anamtaka yule mtu wa nje na hamfikii, hasira inajaa, na kilicho karibu na mdomo wake wakati huo ni ndugu yake. Anamgeukia. Sio chuki, ni kwamba hakuna pengine pa kuipeleka.

Kwa hivyo tunaanza na nyumba kabla ya mbwa. Lile geti kama ni la vyuma vya kuonana mpaka barabarani, mwambie fundi wa kuchomelea aweke bati kutoka chini mpaka juu ya kimo cha mbwa akisimama kwa miguu miwili, wasione kila mtu anayepita. Mtu wa gesi ama wa maji apige simu akiwa njiani, mbwa waingizwe kwanza ndio geti lifunguliwe. Wewe ukirudi jioni, nyumbani wajue umefika kona, yule aliye nje arudishwe bandani, ushuke kwa gari hakuna mbwa anayekurukia, uingie ndani, uoge, ndio baadaye utoke umsalimie mmoja mmoja ukiwa umetulia. Najua utasikia vibaya kwa sababu hiyo salamu ya jioni ndio raha ya kufuga mbwa. Lakini kwa hao wawili wewe ndio kitu kikubwa zaidi wanachogombania, kuliko hata nyama.

Chakula: sahani moja imeisha, isirudi tena. Kila mmoja ale kwake, mlango umefungwa, asimuone mwenzake akila, mara mbili kwa siku sio mara moja ule ugali wa beseni zima usiku. Akimaliza sahani inatolewa na kuoshwa, haiachwi hapo kama mpaka wa shamba. Mifupa ya bucha usitupe nje kabisa. Hii ya kula mbali mbali ina faida nyingine ambayo watu hawaijui: mbwa wa kifua kirefu kama hawa wakila kwa mashindano wanameza haraka sana, na kula haraka ni moja ya mambo yanayoongeza hatari ya tumbo kujaa hewa na kujisokota. Ukiona mbwa tumbo limefura, anajaribu kutapika hakitoki kitu, anatembea tembea hatulii, mate yanamtoka, usingoje asubuhi, hiyo ni kupelekwa kwa daktari saa hiyo hiyo, ni saa chache tu uko nazo.

Banda moja kwa wawili pia imeisha. Ploti ya hamsini kwa mia ukitoa nyumba unabaki na nafasi ndogo lakini inatosha kama utaigawa: upande wa mbele na upande wa nyuma, fensi ya chuma ya waya mzito katikati, urefu kushinda kichwa cha mtu, na mabanda yasitazamane. Ukiweza weka milango miwili kati ya mbwa mmoja na mwingine, yaani mmoja ukisahauliwa wazi bado kuna wa pili. Usiku mmoja analinda mbele, mwingine nyuma, na kwa ulinzi hiyo ni bora hata kuliko wawili waliolala pamoja kwa veranda.

Halafu kuna jambo la Nairobi yetu ambalo lazima niliseme. Mbwa wengi hapa wanafungiwa alfajiri na kufunguliwa saa moja usiku, yaani masaa kama kumi na mbili ndani ya banda la futi sita, kila siku, mwaka mzima. Mbwa wa kilo sabini akitoka hapo hajatoka kulinda, ametoka kulipuka. Kila mmoja wa hao wako anahitaji kutembezwa, mmoja mmoja, kwa kamba, asubuhi mapema kabla barabara haijajaa watu, anuse nuse, achoke kichwa na miguu. Kama huna muda wa kutembeza wawili, basi hilo ni jibu pia juu ya kama unaweza kukaa na wawili.

Kuhasi. Fundi wako hajakosea kabisa lakini hajamaliza maneno. Kuhasi kunapunguza sana kutoroka kufuata majike, kunapunguza kukojolea kila kona, na kunaweza kupunguza vita vya dume kwa dume hasa kama shida ni jike wa jirani aliyeshika joto. Lakini vita ambayo imeshakuwa mazoea, ya geti na ya chakula, kisu peke yake hakiiondoi. Na usitarajie kesho yake, mabadiliko ya tabia yanachukua wiki kadhaa kuonekana. Kwa upande wa umri wewe uko sawa. Hizi aina kubwa sishauri kuhasi mapema mifupa ikiwa bado inakua, kwa mfano utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wa mwaka 2016 kwa German Shepherd ulionyesha madume waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja karibu 21% walipata ugonjwa wa viungo, wakati wasiohasiwa walikuwa karibu 7%. Wako wanakaribia miaka miwili, kwa hivyo ongea na daktari wako awaangalie wote wawili na mpange. Mmoja akitoka kliniki ananuka dawa na ana kidonda, usimrudishe karibu na mwenzake, hata kupitia waya.

Na akiwaangalia, mwambie asiangalie sikio tu. Mbwa mwenye maumivu hana subira. Nyonga zinazouma, sikio lenye usaha, jino limevunjika, homa ya kupe ambayo hapa kwetu iko kila mahali na wakati mwingine inamfanya mbwa awe mchovu na mkali bila dalili nyingine. Nimeona zaidi ya mara moja vita vinaisha nusu yake baada ya kutibu tu kilichokuwa kinauma.

Kurudisha urafiki inawezekana lakini ni kazi ya wiki nyingi na miezi. Unatafuta mtu mzima wa pili mwenye nguvu, kila mmoja na mbwa wake kwa kamba imara, mnatembea barabara moja mkielekea upande mmoja, mbali kiasi kwamba mbwa wanaonana na hawajali. Hapo ndio umbali wenu wa kuanzia, hata kama ni mita thelathini. Siku zinavyokwenda mnakaribiana kidogo kidogo. Jifunze kumsoma Simba: kabla ya vita kuna sekunde anaganda. Mdomo uliokuwa wazi unafungwa, mkia unasimama wima ukitetemeka kidogo kwa ncha, shingo inanyooka, jicho halipepesi. Ama anakuja pole pole anaweka kidevu juu ya mabega ya mwenzake. Ama anasimama tu mlangoni upande upande mwenzake asipite. Hiyo ndio wakati wa kugeuka na kuondoka naye kwa sauti ya kawaida, sio kumvuta wala kupiga kelele. Akinguruma usimpige. Kunguruma ni kukwambia mapema, ukimpiga atajifunza kunyamaza na siku nyingine atauma bila kusema.

Wakishikana kabla hujamaliza kupanga mambo: mikono isiende shingoni, hapo ndio watu wengi wanapoumwa. Mpira wa maji usoni kwa nguvu, ama blanketi zito juu ya vichwa, ama kusukuma ubao, bati, meza ya plastiki katikati yao. Mkiwa watu wazima wawili na hakuna kingine, kila mmoja anashika mbwa wake miguu ya nyuma juu ya goti, mnainua kwa wakati mmoja na kurudi nyuma mkizunguka ili asikugeukie, hamwachilii mpaka kuna mlango katikati. Mtu mmoja asijaribu hiyo. Ukiwatenganisha wapeleke wote kwa daktari hata kama unaona matundu madogo tu, jino la mbwa linaingia ndani na ngozi inajifunga juu, siku tatu baadaye ni usaha.

Juu ya mkeo. Hajakosea kuuliza. Kuna jozi za madume ambazo hazirudi, unafanya kila kitu na bado wakionana ni kuuana, na ukiwa na mtoto wa miaka minne huwezi kuishi kwa kutegemea hakuna mtu atasahau komeo, miaka minane ijayo. Jipe muda wa kupanga hayo yote na kuyafanya kweli, mkae chini wewe na yeye muone. Ikiwa vita vinatokea hata na mpangilio, ama vinazidi ukali, mtafutie mmoja nyumba nyingine na usijione umemsaliti. Ila usimpeane kwa mtu wa kwanza anayekuja na pesa, wengi wanatafuta mbwa wa kufunga mnyororo kwa yadi ya mawe. Enda uone anakopelekwa, useme ukweli kwamba hawezi kukaa na dume mwingine, mpe kadi ya chanjo. Ukikwama ongea na KSPCA, lile shirika la kutetea wanyama, watakushauri.

Daktari hujambo. Nina German Shepherd dume ana miaka mitano, mpole kwa watu wa nyumbani, mkali usiku. Huku Lang'ata kwetu wezi wameruka ukuta wa majirani na nataka kuongeza Rottweiler. Nimeonyeshwa mtoto dume wa wiki sita, muuzaji anasema dume ndio mlinzi, jike ni wa kuzaa tu. Nimchukue? (Dada wa Lang'ata)

Sijambo dadangu. Usimchukue huyo. Wiki sita ni mapema, mtoto anatakiwa akae na mama na ndugu zake mpaka wiki nane angalau, hapo ndio anajifunza kuuma kidogo na kuacha. Muuzaji anayeharakisha anajifikiria yeye. Na kama anasema ni wa ukoo mzuri akuonyeshe mama yake na karatasi za East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa ukoo, sio picha kwa simu.

Hiyo ya jike ni wa kuzaa tu sio kweli. Jike wa Rottweiler analinda nyumba vizuri sana, mara nyingi ndio anasikia mwanzo, na dume na jike ndio jozi yenye vita vichache zaidi. Kama hutaki watoto unamfunga kizazi mmoja wao na mambo yanakwisha. Fikiria hesabu ya ile njia nyingine: huyo mtoto dume mwaka wa kwanza atakuwa mzuri, mzee atamvumilia kwa sababu ni mtoto, wewe utafurahi utaambia watu hawa wamependana. Halafu akifika miaka miwili, German Shepherd wako yuko na saba, ambayo kwa mbwa mkubwa ni mwanzo wa uzee, nyonga zimeanza kuuma, na ndani ya geti lake kuna dume kijana wa kilo hamsini anayetaka kupita kwanza. Hiyo ndio siku ninayoiogopa kwa niaba ya mzee wako.

Ukipata jike wa wiki nane mwenye chanjo ya kwanza, wakutanishe nje ya geti, mahali ambapo sio pa mtu, sio kumtupa tu ndani ya kompaundi. Na mbwa wa pili asiwe badala ya taa ya ukutani na nyaya za juu, mwizi anayejua kazi yake anakuja na nyama ya sumu na mbwa wawili wanakula kama mmoja.

Mimi ni mama wa kazi Karen. Bosi ana mbwa wawili wakubwa madume, sijui aina, mmoja mweusi. Mimi ndio nawapikia na kuwafungulia, bosi anasafiri sana. Wanapigana na bosi ameniambia wakipigana niwavute. Mwezi uliopita nimeumwa mkono nikafunga na kitambaa tu sikwenda hospitali. Naogopa lakini naogopa pia kufutwa. Nifanye aje?

Mama, asante kwa kuandika, na barua yako nimeisoma mara mbili. Kwanza huo mkono. Hata kama umepona, nenda hospitali wiki hii, usingoje bosi arudi, sema uliumwa na mbwa mwezi uliopita na hukupata sindano. Kichaa cha mbwa kinaweza kukaa mwilini wiki na miezi bila dalili, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, lakini sindano zikiwahi kabla ya hapo zinazuia. Zinachomwa siku tofauti tofauti, usikatize hata moja. Uliza kama hao mbwa wana kadi ya chanjo ya kila mwaka na uende nayo, lakini kukosa kadi kusikuzuie kwenda. Na huyo aliyekuuma yuko aje? Kama bado yuko mzima, anakula vizuri, mwezi umepita, hiyo ni habari njema sana na umwambie daktari. Kama alikufa ama alipotea, mwambie hiyo pia.

Siku nyingine mtu yeyote akiumwa, kidonda kinaoshwa hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano nzima, halafu hospitali. Usifunge tu na kitambaa, usipake mafuta ya taa wala tumbaku.

La pili, usiwavute. Wewe ni mtu mmoja na hao ni wanyama wazito kukushinda. Wakishikana funga mlango ukiwa upande salama, mwaga maji kwa mpira kutoka mbali, ita askari wa geti. Kazi yako ni kuzuia wasikutane: chakula kila mmoja kwake, fungulia mmoja tu kwa zamu, na kabla ya kufungua komeo moja nenda ukaguse komeo la pili kwa mkono, usiangalie tu kwa macho.

Na bosi wako, ambaye pengine anasoma safu hii. Ndugu, huyu mama sio mkufunzi wa mbwa. Kumwagiza aingie katikati ya vita vya madume wawili ni kumtuma aumie, na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inakufanya wewe mwajiri uwajibike kwa jeraha analopata kazini. Weka fensi ya kutenganisha, chanja mbwa, lipia hospitali ya mkono ule. Mama, ikikuwia vigumu kusema naye, mwekee ukurasa huu mezani.

Kila mtu anasema madume wawili hawawezani. Mimi hapa Donholm nina madume wawili wa German Shepherd, mmoja miaka tisa mwingine sita, hawajawahi hata kukwaruzana. Si mnatishia watu bure? (Mzee wa Donholm)

Mzee wangu, heshima kwako, na nimefurahi kusikia. Jozi kama yako zipo na sio chache. Kwanza umewapa tofauti ya miaka mitatu, na nakisia hawakurundikwa pamoja na kuachwa wajijue, mtu wa kuandika barua kutetea mbwa wake ni mtu anayekaa nao. Sitaki wasomaji wengine wakisoma barua yako waende kesho kuchukua ndugu wawili wa mzao mmoja, ndio maana naonya.

Ila nikuombe kitu. Huyo wa miaka tisa sasa ni mzee. Akianza kuchelewa kuinuka asubuhi, ama macho yanaingia ukungu, ama hasikii ukimuita, yule wa sita ataona kabla yako. Mara nyingi ni kitu kidogo, mzee anakanyagwa akiwa amelala, anastuka anamng'ata mwenzake bila kukusudia, na amani ya miaka inaisha hapo. Mpe mahali pake pa kulala ambapo kijana hafiki, penye godoro nene sio sementi, na mlango wake mwenyewe wa kutoka nje asilazimike kumruka mtu. Mpeleke aangaliwe nyonga na meno kila miezi sita, siku hizi kuna dawa za maumivu ya viungo za mbwa, usimpe za watu kama ibuprofen hata kidogo, zinatoboa tumbo na kuua figo. Na hata kama wamekula pamoja miaka yote hii bila shida, anza sasa kuwalisha mbali mbali.